Fimbo ya Pili Ni ya Nani?

Wapo watu hapa Mlowo ambao ukiwaambia kwamba Jumamosi unakwenda kuvua samaki, hawakuulizi mto gani wala chambo gani. Wanakuuliza, "Umebeba na ya akiba?" Ukijibu hapana wanakutazama kama mtoto aliyetoka nyumbani bila viatu. Na wapo wengine, hawa ndio wengi pale kijiweni jirani na stendi, ambao wakikuona una fito mbili begani wanacheka hadi wanashika magoti. "Oya, umeshapanga kuvunja hata hujapanda gari?"

Makundi haya mawili yanabishana tangu mimi niko darasa la tano. Siku zote hizo nimenyamaza kwa heshima, maana wengi wao ni kaka zangu wa mtaani, na mmoja ni kaka yangu hasa, tumbo moja. Sasa basi. Nimechoka! Na kwa kuwa gazeti hili limewahi kutoa kurasa nne nzima kwa ubishi wa kama shairi lisilo na vina ni shairi, sioni kwa nini lisitoe nafasi kidogo kwa fimbo ya kuvulia, ambayo angalau huleta kitoweo.

Najua watakaokunja pua. Rafiki yangu mmoja wa Dar, mwandishi mzuri tu, nilipomwambia naandika juu ya jambo hili alinijibu, "Mshikaji, wenzako wanaandika juu ya maisha, wewe unaandika juu ya vijiti?" Sawa. Asome, halafu aniambie maisha anayoyajua yeye yanakaa wapi kama hayakai kwenye vijiti.

Kwanza tuelewane juu ya mahali penyewe. Mlowo si mji wa wavuvi. Ni mji wa barabara kuu iendayo Tunduma, mji wa malori, kahawa, mahindi na reli ya TAZARA. Samaki wanatufikia wakiwa wamekauka, wamekunjwa, wananukia moshi. Kijana wa hapa akitaka kumtoa samaki majini kwa mkono wake ana njia mbili. Ya kwanza ni vijito vya jirani, ambako utakaa tangu asubuhi urudi na vidagaa vya kumfurahisha paka. Ya pili ni kushika barabara ya Kamsamba, kama kilometa 130 kutoka hapa, uteremke kutoka kwenye baridi yetu ya sweta mpaka bonde la Ziwa Rukwa ambako shati linakushika mgongoni. Kule upo Mto Momba unaoingia ziwani. Kule wapo kambale na magege. Na mamba pia wapo, nitakuja kwa hao baadaye kidogo, maana wametumiwa vibaya sana katika ubishi huu.

Safari ya namna hiyo si ya kwenda na kurudi mchana. Unalipa nauli, unalala kwa watu, unaahidi nyumbani kwamba utarudi na kitu. Mama ameshawaambia majirani. Ukifika mtoni saa mbili asubuhi ufito ukakatika saa mbili na robo, huwezi kusema ngoja nirudi Mlowo nikachukue mwingine. Ndiyo maana swali la fimbo ya pili si swali la kipuuzi. Linaonekana dogo kwa mtu ambaye nyumba yake iko hatua mia kutoka majini.

Sasa nianze na hawa wa kijiweni, wanaosema moja inatosha.

Hoja yao kubwa ni mchuro. Eti ukibeba ya pili umeiita balaa, umeiambia ya kwanza, "vunjika tu, mwenzio yupo." Haya, twendeni barabarani. Kila siku ya Mungu malori yanapita mbele ya kijiwe hichohicho wanachokalia wao, yanatoka Dar es Salaam yanakwenda Zambia na Kongo. Nitajieni dereva mmoja anayeanza safari ile bila tairi la spea kwa kuogopa mchuro. Hayupo! Na angekuwepo, tajiri wake angemnyang'anya funguo kabla hajafika Chalinze. Kumbe mchuro upo kwenye fimbo ya shilingi mia tano, lakini kwenye lori la mamilioni haupo? Mchuro gani huo unaoogopa matajiri?

Hoja yao ya pili ni ya kidume. Mvuvi hodari, wanasema, havunji. Hii nayo ina historia ndefu kuliko wanavyojua. Mashabiki wa mpira wa kijiweni pale watashangaa nikiwaambia kwamba Kombe la Dunia lilichezwa tangu 1930 mpaka 1966 bila mchezaji wa akiba hata mmoja kuruhusiwa kuingia mchezo ukishaanza. Mtu akivunjika mguu, timu inacheza kumi. Ilikuwa ni Mexico, 1970, ndipo wa akiba walipoanza kuingia. Leo timu inaruhusiwa kubadilisha watano, na hakuna anayesema mpira umekuwa wa kike. Miaka arobaini dunia nzima iliamini kwamba kuwa na mtu pembeni ni udhaifu, na gharama ya imani hiyo waliilipa wale waliobaki uwanjani wakichechemea. Ufito nao hauulizi kama wewe ni hodari. Unaulizwa na kambale wa kilo nne aliyejiingiza chini ya mzizi, na mkono wa hodari ndio unaovuta kwa nguvu zaidi.

Basi nimewamaliza hao. Hawakuwa wagumu.

Wagumu ni hawa wengine, wa "akiba haiozi". Hawa ni watu wa heshima, wana methali, na methali ukiikosoa hadharani unaonekana umelaani wazee. Lakini nauliza: aliyesema akiba haiozi alikuwa anaweka nini? Kama ni fedha, na siku hizi hata hiyo nina shaka nayo, sawa. Kama ni mwanzi, hakuwahi kupanda darini kwake akaangalia. Mwanzi uliokatwa bila mpango ukawekwa juu ya paa ukisubiri siku ya shida, wadudu wanaingia. Wanakula ndani, nje unabaki unang'aa. Ukiugonga chini unatoa unga mweupe kama wa dona. Mimi nimeona kwa macho yangu ufito wa akiba uliokaa darini misimu miwili, mzuri, mnyoofu, kaka anausifu njia nzima, halafu samaki wa kwanza, tena magege wa kawaida tu, akaukata vipande viwili kama muwa. Ule wa kwanza, uliokuwa ukitumika kila wiki, tulikuwa tumeuacha nyumbani kwa sababu "umechoka".

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kitu. Fimbo inayovua unaijua. Unajua inapopinda, unajua ufa uko wapi, unajua usiivute vipi. Fimbo ya akiba huijui kabisa. Unaitegemea kuliko zote na ndiyo usiyoijua. Mtu anapoweka imani yake yote, siku ya shida, kwenye kitu ambacho hajawahi kukijaribu, mimi siwezi kuita huo uangalifu.

Sasa msomaji aniwie radhi, lazima nisimulie juu ya fimbo ya nzi.

Miaka michache iliyopita kaka alipewa fimbo na mzungu mmoja aliyekuwa akifanya kazi za kahawa huku kwetu, alipokuwa anafunga mizigo kurudi kwao. Ilikuwa ndani ya bomba la bati jepesi, vipande vinne vinavyochomekana, jumla ndefu kuliko mlango wa nyumba yetu. Mtaani ikaitwa fimbo ya nzi, kwa sababu kaka alieleza kwamba wenyewe hawatumii funza wala nyama, wanatumia nzi wa bandia. Watu walicheka wiki nzima. "Kwenu nzi wameisha mpaka mtengeneze?"

Lakini mimi, ambaye kazi yangu ilikuwa kubeba lile bomba, nilitafuta habari zake, na niseme ukweli, ni jambo la kupendeza. Nzi yule hufungwa kwenye ndoana kwa manyoya, nywele na uzi, hana uzito wowote; huwezi kumtupa kama unavyotupa ndoana yenye chubwi. Uzito uko kwenye mshipi wenyewe, ambao ni mnene. Fimbo inapepea nyuma, mbele, nyuma, mshipi unajikunjua hewani kama mjeledi wa mchunga ng'ombe, ndipo nzi anatua juu ya maji kimya. Na si jambo la jana. Mwandishi mmoja wa Roma, Aelian, yapata miaka 1,800 iliyopita, aliandika juu ya watu wa Makedonia waliofunga sufu nyekundu na manyoya ya jogoo kwenye ndoana wakawadanganya samaki wa mtoni. Waingereza walipoutia ugonjwa huu Afrika Mashariki walileta hadi samaki wenyewe: mwaka 1905 Ewart Grogan aliingiza trauti kutoka Scotland katika Mto Gura kule Kenya, kwa sababu mito ilikuwa na baridi nzuri lakini haikuwa na samaki wa kuwapendeza mabwana. Wakapandwa na kwetu Tanganyika, katika mito ya baridi ya nyanda za juu.

Na hili ndilo lililonifurahisha kuliko yote: kabla ya fimbo za kisasa za kaboni, ambazo zilianza kuuzwa miaka ya 1970, fimbo ya kifahari ya bwana wa Kiingereza ilikuwa ya mwanzi! Mwanzi wa kusini mwa China, umechanwa vipande sita virefu, ukaunganishwa kwa gundi. Mwanzi, ndugu zangu. Kitu kilekile ambacho wenzetu wa Iringa na Njombe wanakikata ncha wanapata ulanzi, na sisi tunakichoma ndoana tunaitwa washamba.

Haya, turudi safarini. Tulikwenda Kamsamba, kaka na fimbo ya nzi, mimi na ufito wa mwanzi. Ufito ule niliukata mwenyewe, nikaukausha kivulini, nikaunyoosha kwa moto mdogo, nikaufunga uzi kwenye vifundo ili usipasuke. Kaka aliuangalia akasema, "Poa, huo utakuwa wa akiba." Sikujibu. Alikuwa kaka.

Fimbo ya nzi haikufika mtoni ikiwa nzima. Kaka alikuwa ameichomeka mapema, kwa fahari, ili abiria waione, akaiegemeza mlangoni. Tulipofika, konda akafunga mlango. Sauti yake ilikuwa ndogo sana, kama mtu anavunja kijiti cha kiberiti. Baadaye nilikuja kusoma kwamba wenye fimbo hizi duniani kote wanajua kwamba adui mkubwa wa ncha ya fimbo si samaki, ni mlango wa gari. Kumbe kaka alikuwa mvuvi wa kimataifa.

Hapo watu wa akiba wanasimama kushangilia. "Si tulisema? Angekuwa na ya pili!" Ngoja kwanza. Ya pili ipi? Fimbo hizi zina namba. Mshipi nao una namba, na lazima zilingane. Ya trauti mara nyingi ni namba 4 mpaka 6. Wale watalii wanaokwenda mito ya Mnyera na Ruhudji, bonde la Kilombero, kumtafuta yule samaki mwenye meno kama ya mbwa ambaye kule Tanganyika anaitwa kibebe, wanatumia namba 8 au 9, na mbele ya ndoana wanaweka waya wa chuma, maana uzi wa kawaida anaukata kama tambi. Watu hao wanabeba fimbo mbili, tatu, na siwalaumu, kwa sababu huko porini hakuna duka, wamelipa fedha nyingi, na samaki yule anavunja kweli. Lakini fimbo zao zinalingana na mishipi yao. Ungempa kaka yangu siku ile fimbo ya namba nyingine angekuwa na kijiti kirefu na mshipi usiorukika. Alichohitaji si fimbo ya pili. Alihitaji ncha ya pili, kipande kimoja kati ya vinne, chenye uzito mdogo kuliko kalamu.

Kwa hiyo mtu akiniuliza nibebe nini, kabla ya kujibu namuuliza: kinachovunjika kinapatikana wapi? Kama ufito wako ni wa mwanzi au mti, beba kisu kikali. Kando ya mto kuna miti, na ufito wa haraka, hata kama ni mbaya, unavua. Kisichoota kando ya mto ni ndoana. Uzi hauoti. Chubwi haioti. Hivyo ndivyo vya kubeba tele, ndani ya kopo, na mwenye kubeba fito tatu na ndoana moja namshangaa kama ninavyomshangaa mtu mwenye suruali sita bila mkanda. Kama fimbo yako ni ya dukani, ya vipande, na duka lenyewe liko nchi nyingine, beba ncha, au beba ya pili ya namba ileile, au kaa nyumbani.

Kama ningeishia hapa, makala hii ingekuwa ya ufundi tu, na rafiki yangu wa Dar angeshinda. Lakini sijasema kilichotokea baada ya konda kufunga mlango.

Tulikaa ukingoni. Kaka alizishika zile pande mbili za ncha, akazitazama muda mrefu, nikamhurumia kwa kweli. Kisha bila kugeuka akanyoosha mkono nyuma, kiganja wazi, kama daktari anayengoja mkasi. "Lete huo."

Nikampa.

Akavua mpaka jioni. Kambale watatu, wawili wakubwa. Mimi nilikaa juu ya jiwe nikiangalia mamba. Hiyo ndiyo hoja yake hadi leo, na ndiyo nguvu yote ya watu wa akiba wakibanwa: mmoja avue, mmoja aangalie mamba. Ni hoja nzuri. Mamba wa bonde lile hawatanii, na mtu anayekazia macho mshipi haoni gogo linalosogea. Sibishani na mamba. Ninachouliza ni kwa nini katika safari saba, nimezihesabu, mwangalizi wa mamba amekuwa mimi mara saba. Je, macho ya mdogo mtu ni makali kuliko ya mkubwa? Au mamba anaheshimu umri?

Kila ninaposikia neno "ya akiba" nauona ule mkono. Fimbo ya akiba haibebwi na mwenye fimbo ya kwanza. Chunguzeni. Anayebeba ni mdogo wake, mpwa wake, mtoto wa jirani aliyeambiwa "twende ukajifunze". Anaibeba kilometa zote, anailaza, anaifuta, na hairuhusiwi kugusa maji kwa sababu ikigusa maji inaweza kuvunjika, na ikivunjika hakuna ya akiba. Kwa hiyo kuna fimbo nzima, kuna mtu mzima, kuna mto umejaa samaki, na vitatu hivi vimekatazwa kukutana. Siku vinaporuhusiwa kukutana ni siku ambayo bwana mkubwa amevunja, na siku hiyo fimbo inabadilisha mkono. Mdogo mtu hana siku yake kabisa. Akivunja kaka, mdogo hapati. Asipovunja kaka, mdogo hapati.

Utingo wa lori walau ana siku yake. Anabadilisha tairi, analala juu ya mzigo, anatukanwa, lakini usiku dereva akisinzia anaambiwa, "shika kidogo hapa." Kwa kidogo hicho, kilometa kumi leo, ishirini kesho, ndiyo madereva wengi wa barabara yetu walivyopatikana. Sisemi ni halali mbele ya trafiki. Nasema dereva wa lori, mtu asiyesifika kwa upole, ameelewa kitu ambacho kaka zetu wenye fimbo hawajaelewa: msaidizi asiyewahi kushika usukani si msaidizi siku ya hatari, ni abiria.

Tangu tuko shule tumeimbiwa kwamba vijana ni taifa la kesho. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni sifa. Sasa naisikia na naona darini, naona unga mweupe. Mkoa wetu wenyewe huu wa Songwe, kabla ya kukatwa kutoka Mbeya 2016, ulikuwa kama ufito wa pembeni. Mambo makubwa yalifanyika mjini Mbeya, sisi tukaambiwa tungoje. Ulipopewa jina lake watu walianza kudai barabara, hospitali ya mkoa, na ofisi zilizo karibu, yaani walianza kuvua.

Na kwa kuwa nimeshawasha moto, nimalizie na nyumbani kwetu humu. Mhariri, nakupenda lakini una kikapu. Waandishi wote chipukizi tunakijua. Ni kile cha makala "nzuri, tutaiweka akiba", inayosubiri siku mwandishi mwenye jina asipoleta kazi yake kwa wakati. Hadithi ya rafiki yangu mmoja imekaa humo misimu miwili. Aliisoma tena juzi akasema imepitwa, mazungumzo yamechacha, misimu ya mtaani aliyoitumia hakuna tena anayeisema. Ilikuwa nzuri ilipokatwa. Itoeni au mrudishieni, akavulie kwingine. (Mhariri akitaka kukata aya hii akate, lakini asiiweke akiba.)

Kaka amesoma rasimu ya makala haya. Simfichi kitu. Alinuna siku mbili, halafu akaja na hoja ya haki kabisa, nayo lazima niiweke mezani. Alisema: "Haya, tuseme zote mbili zinavua. Ikivunjika moja, je? Mama nyumbani anangoja. Ukishavulia akiba yako huna akiba tena." Nilifikiri sana juu ya hilo. Jibu langu ni hili. Fito mbili zilizoingia majini saa mbili asubuhi, moja ikivunjika saa sita, zimeshavua saa nne kila moja. Ufito mmoja uliovunjika saa sita umevua saa nne tu, na ule wa pili ndio kwanza unaanza, hujui kama una wadudu. Kapu la nani ni zito hapo? Na baada ya kuvunjika, wawili wanabaki na ufito mmoja, wanapokezana, mmoja anavua na mwingine anaangalia mamba. Saa kwa saa. Kwa saa yangu ya mkononi, siyo kwa "ngoja kidogo" ya kaka.

Akanyamaza. Kisha akasema, "Na ukivunja wewe?"

"Nakuachia wako, nangoja zamu yangu."

"Na nikivunja mimi?"

"Hivyohivyo. Ila usinyooshe mkono bila kugeuka."

Jumamosi ijayo tunashuka Kamsamba. Nimekata ufito mpya tangu mwezi uliopita, umekauka, umefungwa vifundo, na mshipi uko tayari na ndoana yake. Nimeujaribu mara mbili kwenye kijito hapa chini nikapata vile vya paka. Kopo lina ndoana kumi na nane. Kaka amempa fundi wa baiskeli ile ncha aiunge kwa kipande cha waya wa antena, na imeungika, imekuwa nzito kidogo na haipepei vizuri. Jana jioni alikuja mlangoni akasimama, akaniuliza kama ule ufito wa zamani, uliochoka, bado ninao. Nimemwambia upo nyuma ya banda la kuku, autazame kwanza wadudu, na kama anautaka auchukue, ila aubebe mwenyewe.